Kahawa Niliyomharibia Mama

Wiki iliyopita nilimfokea binti yangu kwa sababu ya pakiti ya kahawa. Alikuja nayo kutoka kazini, kahawa nzuri ya bei, akaichana juu, akachota vijiko viwili, kisha akaiacha mdomo wazi ndani ya kabati, imeegemea majani chai. Kesho yake nilipofungua kabati, harufu mbili zilinipokea pamoja, na nikajikuta napiga kelele jikoni kana kwamba mtu amevunja mguu. "Mum, si ni kahawa tu," akasema, macho yamemtoka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Wenzangu wa rika langu mnaijua hasira ya namna hiyo, inayomwangukia mtu ambaye hana kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, nilipokuwa na miaka kumi.

Tuliishi kwenye kambi ya shamba la chai upande wa Mogogosiek. Nyumba zetu zilikuwa za vyumba viwili, mistari na mistari, na kila nyumba ilikuwa na jiko dogo lililojengwa nyuma na kuunganishwa na chumba cha ndani kwa mlango mmoja. Asubuhi ukungu uliingia hadi chini ya vitanda. Mchana jua, saa tisa mvua, na mara nyingine mvua ya mawe iliyochana majani ya chai na kuwaacha wazazi wetu wamesimama mlangoni kimya. Nguo hazikukauka. Unga uliingia uvundo. Kila kitu pale kilikuwa na unyevu, na kila kitu kilinuka chai, maana kiwanda kilikuwa ng'ambo tu ya bonde na hakikulala.

Baba alifanya kazi katika chumba cha kuchambua na kufunga chai. Kazi hiyo ilikuwa na masharti ambayo sisi watoto tuliyajua kuliko amri kumi za Mungu. Hakuna manukato. Hakuna sabuni yenye harufu kali. Hakuna kitunguu mfukoni wala samaki kwenye kopo la chakula. Chai iliyokauka hushika harufu yoyote iliyo karibu nayo na haiiachi tena, na mtu mmoja mwenye mafuta ya nywele angeweza kuharibu magunia. Baba alikuwa akituambia, "Hii majani haichagui. Ukiiwekea kitu kizuri inabeba, ukiiwekea kitu mbaya inabeba."

Sasa katikati ya kambi hiyo ya chai, mama yangu alikuwa mnywaji wa kahawa. Alizaliwa milima ya Kisii, kwa watu wenye mikahawa mlangoni, na hakuna mwaka aliorudi kutoka kwao bila mfuko wa kahawa ikiwa bado na ganda lake gumu. Chai aliinywa kwa heshima tu. Siku za Jumamosi alipokaanga kahawa, sare ya Baba ilipelekwa kulala kwa jirani, isije ikashika harufu. Jirani mwenyewe alikuwa Mama Chebet, Mkipsigis, mwenyeji wa huko, aliyekuwa na shamba lake nje ya ua wa kampuni, na aliyetuletea maziwa. Yeye na Mama hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, kwa hiyo walitaniana kwa Kiswahili.

"Wewe Mama Moraa, leo umechoma nini tena? Ng'ombe yangu imeacha kula, inaangalia huku."

"Ng'ombe yako ina akili kukushinda. Ingia nikupatie kikombe."

"Hiyo dawa ya minyoo? Wacha mimi nikunywe chai na maziwa yangu nilale vizuri."

Halafu Mama akaugua. Ugonjwa ulianza kama maumivu ya tumbo, akayabeba mwaka mzima akichuma chai nayo, na siku aliyoanguka shambani walimpeleka dispensari, na dispensari ikampeleka hospitali kubwa. Alikaa huko wiki mbili. Aliporudi alikuwa mwepesi kiasi kwamba Baba alimshusha garini peke yake, kama mtu anayeshusha godoro. Mdogo wangu alipelekwa Kisii kwa nyanya. Baba alihamishia kitanda cha Mama kwenye chumba cha ndani, karibu na mlango wa jikoni, ili awe na joto. Mimi nikabaki kuwa mwanamke wa nyumba, niliyekuwa sijui hata kusonga ugali usiwe na mabonge.

Mama hakuweza kula. Uji ulirudi, maziwa yalirudi. Kitu kilichokaa tumboni kilikuwa kikombe kimoja cha kahawa saa kumi jioni, na wa kuitengeneza nilikuwa mimi, nikitoka shule. Basi akaanza kunifundisha akiwa kitandani, haoni jikoni, ananusa tu.

Nilifundishwa kwa pua yake. Kahawa yenye ganda ilikaa ndani ya mfuko wa katani juu ya ubao uliokuwa juu ya kitanda, mbali na moshi na mbali na sakafu, maana ikiwa na ganda inaweza kukaa miezi bila kubadilika. Nilishusha ya wiki moja tu. Nikaitwanga kwenye kinu polepole, ganda litoke bila punje kuvunjika, nikapepeta kwa uteo. Kisha karai zito juu ya moto mdogo wa kuni, na mwiko usipumzike. "Usiangalie rangi," angesema kutoka ndani, sauti nyembamba. "Rangi itakudanganya. Sikiliza." Kwanza ilinuka kama nyasi mbichi, kisha kama mkate, kisha punje zikaanza kupasuka moja moja kama mahindi yanayotaka kuwa bisi. "Sasa hesabu pole pole. Bado. Bado. Toa! Toa, Moraa, mpaka nje!" Nami nilikimbia na karai hadi kwenye uteo mlangoni, nikarusha na kurusha mpaka ikapoa. Nikichelewa hata kidogo alijua. "Imepita hiyo. Si mbaya. Lakini imepita."

Baada ya hapo ilikaa siku moja ipumue, ndipo iingie kwenye mkebe. Mkebe wenyewe ulikuwa wa mafuta ya kupikia, ambao Mama aliusugua kwa majivu na kuuanika wiki nzima hadi ukaacha kunuka chochote, na kifuniko chake kilihitaji kijiko kukifungua. Usiufungue ovyo. Usiuweke karibu na taa ya mafuta wala kitunguu, na majani ya Baba yakae chumba kingine kabisa. Ponda ya kikombe kimoja tu, ya sasa hivi, maana kahawa iliyopondwa na kungoja kesho ni vumbi. Maji yachemke, halafu uyatoe motoni, uyaache mpaka yanyamaze. Mimina, koroga mara moja, funika, ngoja. Unga ukishakaa chini, mwaga polepole kwenye kikombe kilichopashwa moto. Na usirudishe motoni hata uambiwe na nani.

Kwa wiki tatu niliharibu kwa ujinga wa kawaida. Mama alionja, akafikiria, akasema, "Bado," kisha akaeleza kosa lilikuwa wapi. Hakukosea hata siku moja. Na mimi nilikuwa naipenda ile saa kumi kuliko kitu chochote, kwa sababu ndiyo saa ambayo Mama alikuwa Mama, mkali, mwenye maneno, na si yule mtu aliyelala akiangalia mabati.

Siku moja nilirudi kutoka shule mapema, mvua ikinifukuza. Mama Chebet alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nilisimama jikoni navua viatu vya matope, na wao hawakujua nipo.

"Usiongee hivyo, Mama Moraa. Mungu atasaidia."

"Simwombi anipatie miaka," Mama alisema. "Nishaacha hiyo. Namwomba siku za huyu msichana tu. Akiweza kunitengenezea kahawa yangu vizuri bila kuniuliza, nitajua ameshika jiko, hata babake hatalala njaa. Hapo nikiitwa, nitaenda. Sitasumbuana na yeye."

Mama Chebet alilia. Mimi nilibaki nimeshika kiatu kimoja.

Mtu mzima angeelewa kwamba mwanamke anajifariji. Mimi nilielewa kwamba Mama amepatana na Mungu. Nilimwona Mungu kama supavaisa wa kiwandani anayekataa kukuruhusu uende nyumbani mpaka umalize sehemu yako. Sehemu ya Mama ilikuwa kunifundisha kahawa. Nikishajua, anapewa ruhusa. Ilikuwa wazi kabisa kichwani mwangu, wazi kuliko hesabu yoyote ya darasa la tano, na dawa yake ilikuwa wazi vilevile. Nisijue.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kujua. Na kukaanga nisingeweza kuharibu, kwa sababu pua ya Mama ilikuwa palepale mlangoni. Kwa hiyo nilikaanga vizuri. Nilikaanga vizuri sana, naye alisema ndani, "Eeh, hapo." Kisha nikachukua mkebe, nikaung'oa kifuniko, nikauweka wazi ndani ya lile sanduku la mbao la chumba cha mbele ambamo Baba aliweka majani yake ya chai, pamoja na vitunguu vitatu. Mtoto wa kambi ya chai hahitaji kufundishwa jinsi ya kuharibu ladha. Nilikuwa nimesikia masharti ya kiwanda tangu nazaliwa, na nikayafuata yote kinyume. Nilisaga ya siku nne kwa mara moja. Nilichemsha maji pamoja na unga wake, nikarudisha motoni mara ya pili na ya tatu, hadi ikawa nyeusi isiyo na harufu, chungu kama magome.

Nikampelekea. Alionja. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Bado," akasema.

Nilikwenda nyuma ya mlango wa jikoni nikapiga mstari mmoja kwa kipande cha makaa. Kesho yake "bado" nyingine, mstari mwingine. Hospitali walikuwa wamemwambia Baba asitegemee mwezi kuisha, hilo pia nililisikia kwa kudukua, na mwezi ukaisha Mama yupo. Mnaona? Ilikuwa inafanya kazi. Nilitembea kwenda shule nikijisikia mkubwa, mtu mwenye siri na Mungu. Nilimhurumia kidogo Mama kwa ule uchungu, lakini nilijiambia atanishukuru. Nilikuwa mtoto mwenye furaha, na hilo ndilo jambo gumu zaidi kuandika hapa. Kadiri alivyozidi kukonda ndivyo nilivyozidisha kuharibu. Alifika mahali pa kunywa funda mbili tu, kisha akanirudishia kikombe na kusema, "Asante, mama. Bado."

Kilichonisaliti ni chai. Jumapili moja jioni Baba, ambaye siku zote alikunywa chai ya kiwandani, alitoka zamu, akajipikia chai ya rangi, akaonja na kutema nje ya mlango. Alikwenda kwenye sanduku, akakaa huko kidogo.

"Moraa. Kuja hapa."

Alikuwa ameshika kiganja cha majani chini ya pua yangu.

"Hii majani imelala na nini?"

Aliinua mkebe wa Mama uliokuwa wazi, akanusa, akautikisa, akatazama vitunguu. Baba hakuwa mtu wa kukasirika haraka, lakini niliona shingo yake inavimba. Akaniuliza nani alinituma. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza basi ni mchezo gani huu. Ndipo nikamwambia kila kitu, kilio kikiingiliana na maneno, na nikampeleka nyuma ya mlango nikamwonyesha mistari yangu, nikidhani akiiona atajiunga nami. Ilikuwa thelathini na moja.

Baba alikaa kwenye rundo la kuni. Nilingoja anichape. Alisugua uso wake kwa mikono yote miwili.

"Sikiza. Ugonjwa haingoji mtu ajue kupika. Umesikia? Hata ungeharibu mpaka Krismasi ya mwaka ingine, haingoji."

"Lakini amekaa, Baba. Walisema mwezi."

"Amekaa kwa sababu amekaa." Akavuta pumzi. "Kila asubuhi nikimwosha ananiuliza kitu moja tu. Haulizi kama nimelipwa, haulizi kama kuna mvua. Ananiuliza, 'Moraa atafika saa ngapi?' Hakuna kitu mdomo yake inasikia tena isipokuwa hiyo kikombe. Halafu hiyo kikombe ndio unamletea hivyo."

Akasimama, akaumwaga ule mkebe wote kwenye shimo la taka. Akashusha mfuko kutoka juu ya ubao, taratibu, asimwamshe Mama.

"Sikuchapi. Kaanga ingine."

Nilitwanga, nikapepeta, nikakaanga. Mama aliamka katikati, na hakunielekeza neno hata moja. Punje zilipopasuka nilihesabu mwenyewe, nikatoa mwenyewe. Nikasugua mkebe upya kwa majivu. Kesho yake, Jumatatu, nilikimbia kutoka shule njia nzima. Nilisaga ya kikombe kimoja. Nikatoa maji motoni, nikangoja yanyamaze, nikamwaga nusu ya unga chini, nikaanza tena. Baba alikuwa amenieleza, na nilimwamini Baba, lakini kuamini kwa mtoto ni kwa kichwa tu. Tumboni nilikuwa na hakika kwamba ninamuua mama yangu. Nilifunika. Nilingoja. Harufu ilipanda ikajaza jiko lote, tamu, ile yenyewe, na nikasikia kitanda kikilia kule ndani. Alikuwa anajaribu kuketi.

Nilimwekea mto mgongoni, nikamshikia kikombe maana mikono yake ilikuwa haina nguvu. Alikunywa funda moja, akafumba macho. Akanywa nyingine. Alikunywa yote, polepole, mpaka nikaona chini ya kikombe, na mimi muda wote namtazama kifuani kama bado panapanda na kushuka.

"Leo hukuiharibu," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema leo hakukunyesha. Nilianza kulia.

"Ulijua?"

"Kahawa nimeipanda, na wewe nimekuzaa. Nisijue nini?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unakunywa?"

Alifikiria, na uso wake ulikuwa na ule utani wa Jumamosi za zamani. "Ulikuwa unaileta ukikimbia. Nikasema wacha nione utachoka lini." Kisha hakutania tena. Aliniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi, nikausikia kama kitambaa. "Nilijua unanishika nisiende, Moraa. Sikutaka kukunyang'anya."

Nilimwambia sitaki aende. Akasema anajua. Nikamuuliza kama sasa ataenda, kwa kuwa nimeshaweza. Alilamba midomo yake, akatazama ndani ya kikombe kana kwamba huenda kimebaki kitu, akakirudisha mkononi mwangu.

"Kesho utengeneze hivi hivi," akasema. "Lakini ujaze."

Hakufa Jumatatu ile, wala kesho yake. Nilitengeneza hivi hivi, nikajaza. Alikunywa akaniagiza ya kesho. Mama Chebet alikuja akamkuta ameketi, na kwa mara ya kwanza alikubali kuonja, akakunja uso wote, na Mama akacheka hadi akashika tumbo. Baba alimtoa nje alasiri moja isiyo na mvua, akaketi juani na blanketi, kikombe mapajani, akiwaita kwa majina wanawake waliokuwa wakirudi na vikapu. Kila jioni ilikuwa "kesho". Mimi niliogopa kwamba kikombe kizuri kingemfungulia mlango, kumbe ndicho kilichokuwa kikimpa sababu ya kuingoja siku inayofuata. Tulipata siku tisa za namna hiyo. Asubuhi ya kumi Baba aliniambia nisiende shule.

Watu niliowahi kuwasimulia huniambia nilikuwa mtoto, na kwamba nilifanya kwa mapenzi. Yote mawili ni kweli, na Mama mwenyewe alinisamehe kabla sijaomba. Hata hivyo, hesabu ya nyuma ya mlango naijua mimi. Tangu siku ile niliyosimama jikoni na kiatu mkononi, mama yangu alikuwa amebakiza siku arobaini, na katika hizo, thelathini na moja nilimnywesha uchungu.